Maradhi ya Shamba na Bilauri ya Maji

Msomaji, mtu akiugua hutaja mahali panapomuuma, na ng'ombe akiugua hukataa malisho. Mmea hausemi neno. Hunyauka kimya, na mwenye shamba hubaki kukisia. Wengi wetu hukisia vibaya, kisha twaenda dukani kununua dawa ya ugonjwa tusioujua. Nataka kukueleza habari za maradhi mawili ya viazi na mdudu mmoja wa kabichi, kwa sababu nimeyaona hayo kwa macho yangu hapa Kesses, na yamkini kwenu pia karo hutoka shambani.

Kesses iko kusini ya Eldoret, katika uwanda wa Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu huijua kwa bwawa lake na kwa Chuo Kikuu cha Moi. Nchi yenyewe ni ya mahindi, ngano na maziwa. Lakini nyuma ya nyumba nyingi pana kishamba cha viazi, kabichi na sukumawiki, na mara nyingi hicho ndicho kinachompa mama wa nyumba fedha za haraka wakati mahindi yangali mabichi. Julai na Agosti huwa miezi ya mvua, ubaridi na ukungu. Hali hiyo hukipendeza kiazi. Kwa bahati mbaya humpendeza pia adui wake wa kwanza.

Adui huyo wataalamu humwita bakajani chelewa, na wazee wengi husema tu kwamba viazi vimechomwa na baridi. Huanza kwa madoa meusi yaliyolowa, kama kwamba jani limemwagiwa maji ya moto. Ukiligeuza alfajiri utaona chini yake utando mweupe kama unga. Utando huo ni wa kiumbe kinachofanana na kuvu, na mbegu zake huchukuliwa na upepo hadi shamba la jirani. Siku chache za mvua zatosha kuligeuza shamba la kijani kuwa jeusi. Mwaka 1845 ugonjwa huu uliingia Ireland, ambako maskini karibu hawakuwa na chakula kingine ila viazi. Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na kwa maradhi yanayofuatana nayo, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao. Kenya ulionekana mwaka 1941. Kwetu kiazi hakikuwa chakula cha pekee, na tangu niliposoma habari za Ireland sijapata kumcheka bibi anayechanganya mazao matano katika kishamba kimoja. Kwa ugonjwa huu ziko dawa za kunyunyiza, mradi zinyunyizwe mapema. Jani likisha kufa halifufuki.

Adui wa pili ni mbaya zaidi. Miaka michache iliyopita mama yangu alinipigia simu akasema viazi vyake vimechomwa na baridi, nimnunulie dawa. Nilipofika niliona mambo yasiyopatana na neno hilo. Majani yalikuwa kijani kibichi, hayana doa hata moja, lakini yamelala kama nguo iliyoanikwa. Na Mama akasema kwamba siku za kwanza yalikuwa yakiinuka tena usiku. Nikakumbuka somo moja la chuo cha ualimu. Nilikata shina karibu na udongo, nikaliegemeza katika bilauri ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji, tukatulia bila kuitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kuteremka polepole kutoka katika mkato ule. Mama aliinama akazitazama, asiseme kitu.

Nyuzi zile ni bakteria kwa mamilioni. Huingia kwa mizizi, huziba mirija ya maji, na mmea hufa kwa kiu hali udongo umelowa. Ukikipasua kiazi chenyewe utaona duara la rangi ya kahawia, nalo hutoka ute likibinywa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya ugonjwa huo. Bakteria hao hukaa ardhini kwa miaka; hufuata maji ya mvua mteremkoni, hufuata jembe na viatu, na zaidi ya yote hufuata mbegu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yetu. Viazi vidogo vya Mama vilikuwa vimekwisha kuagizwa na mnunuzi aliyevitaka kwa mbegu, na fedha zile ndizo zilizokuwa karo ya mdogo wangu wa mwisho. Kwa nje vingi vilipendeza, kwa maana kiazi chaweza kubeba bakteria pasipo kuonyesha dalili. Ndugu mmoja katika jamaa zetu alisema wazi kwamba sisi nasi tuliuziwa vivyo hivyo sokoni, na aliyetuuzia hakulala njaa. Neno hilo halikuwa la uongo. Katika Kenya sehemu kubwa sana ya mbegu za viazi haipitii ukaguzi wowote; hutoka shamba hadi shamba, maana mbegu zilizothibitishwa ni chache na bei yake ni kubwa. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mnunuzi naye ana watoto?" Hakuna aliyejua. Viazi vizima tulivila nyumbani, kwa kuwa bakteria hao hawamdhuru mtu, na maganda tukayachoma. Vilivyooza tulivifukia katika shimo refu, mbali na kijito. Karo ilitoka kwa mtamba mmoja mwekundu ambaye hata leo nikimkumbuka huona uchungu.

Tangu hapo kishamba kile hupandwa mahindi, ambayo ugonjwa huo hauyadhuru. Nyanya, biringanya na pilipili hazifai, maana ni jamaa ya kiazi na hupatwa vilevile. Kazi kubwa ni kung'oa viazi vinavyojiotea katikati ya mahindi; kimoja kikiachwa, ugonjwa umepata nyumba.

Ama kabichi, adui yake ni nondo mdogo wa kijivu, mfupi kuliko ukucha, ambaye viwavi wake hulitoboa jani mpaka likawa kama chujio. Mdudu huyu ana sifa ya kuzoea sumu: mwaka 1953 katika kisiwa cha Java alionekana kuishinda DDT, na baadaye akazishinda dawa nyingi nyingine. Mkulima huzidisha kipimo, hunyunyiza leo na kuuza kesho, na mlaji hajui. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kilifuata njia nyingine. Kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi huyo kwa ndani. Mwaka 2002 nyigu hao waliachwa huru katika milima ya Taita, na madhara ya nondo yakapungua. Lakini anyunyizaye ovyo humwua nyigu na kumwacha nondo.

Wanafunzi wangu hawakuyaamini maneno hayo. Basi tuliokota viwavi 20 katika bustani ya shule, tukawatia katika chupa pana pamoja na majani, tukaifunika kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili walikuwa wametoka nondo 12 na nyigu weusi 5. Waliosalia walikufa tu. Mwanafunzi mmoja akauliza nyigu humjuaje kiwavi alipo. Nikamjibu kwamba huongozwa na harufu ya jani lililotafunwa. Akachana jani, akalinusa kwa makini, akasema yeye haoni harufu yoyote ila ya kabichi.