Kulizunguka Jabali la Uluru

Baada ya Swala ya Alfajiri, kabla ya jua la jangwa kukaza, tulianza kulizunguka kwa miguu jabali la Uluru, katikati ya Australia. Njia ni tambarare, yapata kilomita 10, na wapo waliotupita kwa baiskeli. Jabali limeinuka mita 348 juu ya uwanda, jekundu kwa kutu, kwani mawe yake yana chuma ndani.

"Baba, kuzunguka huku si kama kutufu?" akauliza binti yetu.

La, mwanangu. Kutufu ni ibada, na mahali pake ni Al-Kaaba peke yake. Hapa tumekuja kutazama alichokiumba Mola.

Mbele kidogo tukakuta kibao: wenyeji, Waanangu, wanaomba pasipigwe picha, kwani mahali hapo ni patakatifu kwao. Simu tulikuwa tumekwisha kuiinua. Itikadi yao si yetu. Lakini je, mgeni hufungua chumba alichoombwa asikifungue? Tukairudisha mfukoni, na twakiri, si kwa wepesi.

Tulipokaribia kumaliza tuliuona mstari mweupe ubavuni mwa jabali, alama ya nyayo za waliopanda miaka mingi, ilhali wenyeji wakiwasihi wasipande. Kupanda kulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019.

Garini, binti yetu akafungua kiganja: kijiwe chekundu. Hairuhusiwi kuondoka nacho. Wapo wageni waliovirudisha vyao kwa posta kutoka nchi za mbali. Tulirudi naye kwa miguu hadi pale alipokiokota.