Wanafunzi wa Katwe Hawamo Daftarini

Kila nikija Kampala kutoka Stuttgart nakuta lalamiko lile lile: vyuo vya ufundi vipo, watoto hawaendi. Tangu mwaka 2007, serikali ilipoanzisha elimu ya sekondari bila ada, aliyemaliza darasa la saba aliruhusiwa kuingia shule ya ufundi badala ya Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari. Wachache walifuata njia hiyo. Mwaka 2023 watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walikuwa karibu 749,000. Wa UCE, mtihani wa Senior Four, mwaka huohuo hawakufika nusu yao. Si kundi moja, najua, lakini pengo hilo halijazwi na vyuo vya ufundi, ambavyo hadi leo vinapokea sehemu ndogo tu ya vijana.

Ujerumani kijana hatafuti shule kwanza, anatafuta mwajiri. Wakikubaliana wanatia saini mkataba, na chama cha mafundi au cha wafanyabiashara wa eneo hilo kinausajili. Siku moja au mbili kwa wiki anasoma chuoni, zilizobaki yuko kazini, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu. Na analipwa. Tangu 2020 sheria imeweka kima cha chini; mwaka ule kilianza na euro 515 kwa mwezi. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chama, si bosi wake. Na kwa kuwa kila mkataba umesajiliwa, anayetaka kujua ni wangapi wanajifunza ufundi wa umeme anahesabu mikataba. Si peponi: vijana wa Ujerumani nao wanakimbilia vyuo vikuu, na waoka mikate wanahangaika kupata wanagenzi.

Kampala mambo yamepinduliwa. Mzazi anatoa ada na kununua vifaa, halafu mtoto anazunguka mwenyewe kuomba nafasi ya mazoezi kiwandani. Mwenye pesa ya kumsomesha mtoto mmoja atampeleka Senior One. Watu husema wazazi wanadharau ufundi. Mimi naona wanapiga hesabu, na hesabu yao si mbaya.

Nenda basi Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala. Vijana wanachomelea mageti na vitanda, wengine wanaunda mashine za bisi. Wapo wanaomlipa fundi ili awafundishe, wapo wanaoambulia chakula cha mchana tu. Miwani ya kukinga macho ni bahati. Baada ya muda kijana anaweza kusimamisha geti zima peke yake, ila katika takwimu za taifa huyo ni mtoto aliyeacha shule.

Uganda haikosi pa kuanzia. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ilianzisha cheti cha Worker's PAS: mfanyakazi anapimwa kwa kazi ya mikono yake, awe amesoma au hakusoma. Ndicho kitu chetu kilicho karibu zaidi na utaratibu wa Wajerumani, lakini wanasiasa hawakinadi majukwaani. Wanachonadi ni chuo cha ufundi katika kila jimbo la uchaguzi, kwa sababu jengo hukatiwa utepe.

Wizara ya Elimu ikitaka idadi ya wanafunzi wa ufundi ipande, iwasajili kwanza mafundi wa Katwe pamoja na vijana walio chini yao, iwalipie mtihani, na impe fundi posho kwa kila mwanagenzi anayefaulu. Majengo yasubiri.