Kigali: Kicheko Katika Uwanja wa Kambi

Mji wa Kigali, makao makuu ya Jamhuri ya Rwanda, umeenea juu ya vilima vingi na mabonde yake. Jua likizama, taa za kilima kimoja hutazamana na taa za kilima cha pili. Mgeni asemaye Kiswahili hapotei hapa. Mtaani Nyamirambo lugha hiyo husikika tangu zama za wafanyabiashara wa kwanza, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya lugha rasmi.

Wilayani Nyarugenge, karibu na katikati ya mji, lipo eneo ambalo wenyeji wangali wakiliita Camp Kigali. Zamani lilikuwa kambi ya jeshi. Tarehe 7 Aprili 1994 askari 10 wa Ubelgiji, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, waliuawa hapo. Walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, naye pia aliuawa siku hiyo hiyo. Leo zimesimama hapo nguzo 10 za mawe, na kila moja imechongwa mikato kwa hesabu ya umri wa askari mmoja. Matundu ya risasi yangali ukutani.

Katika eneo hilo hilo la Camp Kigali upo ukumbi mkubwa wa mikutano na maonyesho, na humo vijana wa mji hukutana kucheka. Onyesho la Gen-Z Comedy, lililoasisiwa na mchekeshaji Fally Merci, limewakusanya humo vijana ambao wengi wao walizaliwa baada ya mwaka 1994. Mchekeshaji hupanda jukwaani, akaigiza sauti ya baba mkali au ya mwalimu, akaingiza wimbo, akacheza hata jasho likamtoka.

Mtu asidhani kuwa mambo haya yameletwa na wageni. Intore, maana yake wateule, walikuwa vijana waliofunzwa katika kasri la Mwami vita, ngoma na adabu. Hucheza wakiruka juu, nywele za katani zikipepea vichwani. Aidha walifunzwa ibyivugo, yaani majigambo ya shujaa, yanayotamkwa kwa kasi bila kupumua na kwa kutia chumvi nyingi. Wimbo, mruko, majigambo na kicheko vilikwisha kukaa pamoja kabla ya ukumbi wowote kujengwa.

Lakini mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo na ngoma si kazi nyepesi, hasa kwa kikundi cha ridhaa ambacho wanachama wake hukutana jioni baada ya masomo au kazi. Mwimbaji arukaye huishiwa pumzi, hivyo hana budi kuzoea kuruka na kuimba kwa pamoja mpaka mwili uzoee. Neno la kuchekesha likichelewa kidogo tu, hufa. Likifuatwa upesi na neno jingine, kicheko hulimeza na watu hawasikii. Askari aliyepita katika uwanja wa gwaride atalielewa jambo hili bila maelezo: kinachoonekana chepesi kwa mtazamaji kimetokana na kurudia mara nyingi, kila mmoja akijua nafasi yake.

Mjini Kigali ipo sababu nyingine ya kukipima kicheko. Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Wasikilizaji wengi hawakuvutwa na hotuba, bali na muziki waliopenda na mizaha ya watangazaji wake. Ndani ya mizaha hiyo Watutsi waliitwa mende. Watu walicheka, wakazoea, kisha wakaambiwa waue. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo.

Kwa hiyo wasanii wa Kigali wanajua kwamba utani una uzito. Bibi Hope Azeda, aliyezaliwa Uganda katika familia ya wakimbizi wa Rwanda na kusomea sanaa za maonyesho Makerere, ndiye mwasisi wa kikundi cha Mashirika. Mwaka 2015 alianzisha tamasha la Ubumuntu, yaani utu. Jukwaa lake liko Gisozi, kwenye ukumbusho ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, mji huingia katika juma la maombolezo, na kumbi za burudani hunyamaza. Juma likiisha, nyimbo hurejea. Wanaocheka ni wale wale waliokuwa wakilia, na hawakusahau.

Mzazi aliye nyumbani, awe Kigali au kwingineko, anaweza kuchukua funzo hapa. Mtoto arudipo shuleni na wimbo wa mzaha, asikatazwe kabla ya kuulizwa: anayechekwa ni nani? Je, naye angeweza kuketi katika safu ya mbele na kucheka pamoja na wenziwe? Ikiwa angeweza, acha nyumba nzima icheke. Ikiwa hangeweza, huo si mchezo tena, na Kigali inajua gharama yake.