Kilichozikwa, Kilichobebwa

Munigi, kijiji chetu kando ya Goma mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya vitu ambavyo hakuna atakayeviona tena. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, nyufa zikashuka ubavuni mwake mpaka hapa kwetu, karibu na uwanja wa ndege, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Vinu, mikeka, picha za harusi, kiti alichokalia babu: hivyo hakuna aliyevihesabu. Mawe yaliyovifunika ndiyo tunayojengea kuta leo.

Sisi marehemu tunamzika, vitu vyake tunavirithi. Walega, majirani zetu wa kusini-magharibi, walilifikiria jambo hili kwa kina kuliko watu wengi. Katika chama chao cha Bwami kuna barakoa ndogo ya mti iitwayo lukwakongo, yenye uso uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi. Si lazima ivaliwe usoni. Hufungwa mkononi au kwenye paji, hutundikwa uani, hata huburutwa kwa ndevu zake. Mwenyewe akifa huwekwa juu ya kaburi lake, kisha hukabidhiwa mrithi. Mng'ao wake ni wa mikono ya waliotangulia. Sijui kazi nyingine ya sanaa iliyoutendea msiba heshima kubwa namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku Bwami. Leo barakoa nyingi za aina hiyo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, chini ya taa, kila moja na jina la kabila. Jina la mchongaji ni nadra kulikuta. Urithi umekatikia kwenye kioo.

Wako wanaosema kwamba barakoa hizo zingebaki huku zingekwisha kuangamia. Mtu wa Munigi hawezi kuipuuza hoja hiyo. Lava ilirudi Mei 2021, na vita vimewafukuza watu hapa mara nyingi, wengine wakitoka na mtoto mgongoni na sufuria tu. Lakini barakoa kuukuu ikioza, aliyeiona huchonga nyingine, na maarifa yanaendelea kuishi. Kilichotupotea sisi ni kule kuiona. Goma ina mafundi hodari wa mbao: wanatengeneza chukudu kwa mkaratusi, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi, chombo kinachobeba magunia ya makaa na viazi kutoka milimani. Kijana mwenye mkono huo anaweza kuzeeka bila kuiona hata picha ya lukwakongo. Msiba huo unaniuma kuliko kuta zilizozikwa, maana kuta tumezijenga upya.

Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu takribani 84,000 vya Kongo vilivyomo katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku, Kakuungu, kwa mkopo usio na ukomo. Ni mwanzo, nami naupokea. Ila Kinshasa ni mbali mno na Munigi. Wenye dhamana na orodha ile, ileteni Goma ikiwa na picha na maelezo kwa Kiswahili, muwape mafundi wa mbao waitazame kabla ya wataalamu.