Kadi Zilikuwa za Kweli

Nilinunua tiketi za mpira barabarani, kwa mtu nisiyemjua, kwa fedha ambazo si zote zilikuwa zangu. Nilijua haifai. Nilinunua.

Ilikuwa mechi ya watani, Simba na Yanga, ya Juni 25, 2025, ile iliyoahirishwa Machi 8 saa chache kabla ya kuanza. Wenzangu wawili wa kazini walinipa fedha mapema niwakatie tiketi za jukwaa la mzunguko pamoja na yangu. Walinipa mimi kwa sababu N-Card yangu, kadi ya kielektroniki inayotumika pia getini uwanjani, naigusisha kila siku kwenye kivuko cha Kigamboni, wakaamini mambo hayo nayajua. Na kweli nayajua. Unanunua kwa simu, unaandika namba ya kadi, unalipa, meseji inaingia, basi. Lakini kila jioni nilisema kesho, nikijipa moyo kwamba Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000 na Jumatano ni siku ya kazi. Tulipoteremka kituo cha Uhasibu, karibu na uwanja, siku yenyewe sikuwa nimenunua hata moja, na wenzangu hawakujua.

Hapo ndipo nilipokosea hasa. Ningewaambia tu, tungesimama pembeni tukahangaika pamoja. Nilijaribu simu mara moja, mtandao ukasuasua, nikawaambia wanisubiri kwenye kivuli, nikaenda kutafuta mlanguzi.

Kumpata hakukuwa na kazi. Kijana wa watu, amevaa jezi, kadi kazishika kama karata. "Hizi zimeshajazwa, kaka. Wewe gusa, pita." Nikamwambia anipe uthibitisho. Akafungua simu yake, akanionyesha meseji ya malipo yenye jina la mechi na jukwaa. Nikageuza kadi, nikaona namba imechapwa vizuri. Sikulinganisha namba hiyo na iliyokuwa kwenye meseji. Kazi ya kufumba na kufumbua, sikuifanya, kwa kuwa nilitaka ziwe za kweli kuliko nilivyotaka kujua kama ni za kweli. Nikatoa 15,000 kwa kila kadi, juu ya bei iliyotangazwa, taslimu, tena noti mkononi bila alama yoyote ya kunisaidia baadaye.

Getini nilimtanguliza mwenzangu mmoja. Akagusa, mashine ikakataa. Akaifuta kadi kwenye suruali, akagusa tena. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga kelele. Msimamizi akaichukua kadi ile, akaijaribu mwenyewe, kisha akajaribu zile mbili nyingine. "Kaka, kadi ni nzima. Haina tiketi."

Nilimfokea. Nilisema mashine zao mbovu, nilisema nimelipa, nilisema mengi, kwa mtu ambaye ndiye pekee aliyenieleza ukweli siku ile. Katikati ya maneno yangu ndipo alichosema kikaniingia. Kadi ni nzima. Kwa hiyo plastiki niliyoigeuzageuza kule Uhasibu haikuwa imeghushiwa, ilikuwa tupu, na yeyote anaweza kununua kadi tupu. Tiketi haikai kwenye kadi ili uione kwa macho. Iko kwenye kumbukumbu za mfumo, na mimi uthibitisho nimeuomba kwa muuzaji, kwenye simu ya muuzaji. Meseji ile huenda ilikuwa ya kadi yake mwenyewe, au ameiandika kwa mkono wake. Nikamtazama mwenzangu na kadi yake mkononi. Nikamwambia: sikununua mapema, nimenunua sasa hivi nje, nimetapeliwa.

Tukiwa tunatoka kwenye foleni, baba mmoja aliyemshika mtoto mkono aliziona kadi mkononi mwangu. "Mdogo wangu, unauza hizo?" Sikumjibu haraka. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko fedha: kwa kitambo nilipiga hesabu. Kisha nikamwambia hazina kitu, anunue mwenyewe kwa simu yake, na asimpe mtu fedha mpaka meseji iingie kwenye simu hiyo hiyo, yenye namba ya kadi aliyoishika. Na akiambiwa atume fedha kwa namba ya mtu, asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Nilimpa ushauri mzuri kabisa. Nilikuwa nao tangu asubuhi.

Mechi tuliitazama kwenye kibanda cha video Temeke, tumesimama. Yanga ilishinda 2-0. Kelele za uwanjani zilitufikia kabla ya picha, kwa hiyo mabao yote tuliyajua kabla ya kuyaona.

Nililipa 45,000 kwa kadi tupu, na mwisho wa mwezi nikawarudishia wenzangu fedha zao. Mmoja alicheka, yakaisha. Mwingine alipokea, akashukuru, na hajawahi kulitaja tena. Ila tulipofiwa pale ofisini na kuchangishana rambirambi, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu, yeye mchango wake alimpa mtu mwingine aushike. Sikumuuliza kwa nini.