Vistari Viwili

Kwenye matokeo yangu ya mwaka wa tatu kuna vistari viwili mahali panapofaa kuwa na alama. Mitihani yote miwili niliifanya. Nakumbuka hata kalamu ikiniishia wino katikati ya swali la nne.

Masomo hayo mawili yalifunzwa na mwalimu mmoja, wa muda. Nilimfuata hadi steji, akingoja matatu, karatasi zetu kwa begi.

"Kijana, sina ubaya na wewe," akaniambia. "Nimefunza semesta tatu na sijaona hata ndururu. Nikipeana hizi karatasi, watanisahau."

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa anadai chuo, na mimi chuo kilikuwa kinanidai. Ofisini niliambiwa nirudie mitihani, lakini nilipe kwanza. Nikajaribu semesta moja zaidi, kisha nikaenda nyumbani.

Kwa muda mrefu nilimwona yule jamaa mkatili. Halafu nikaanza kutaka kujua pesa ilienda wapi.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo ya kujilipia mwaka wa 1998, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Pesa ikaingia kweli. Vyuo vikaajiri, vikajenga, vikafungua matawi mijini. Kisha mwaka wa 2016 wizi wa mitihani ya KCSE ukabanwa. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa zaidi ya 160,000 mwaka wa 2015. Kufikia 2017 walikuwa kama 70,000. Sasa serikali ingeweza kuwapa karibu wote nafasi, na wa kujilipia wakaadimika. Lakini mshahara haupungui ati kwa sababu darasa limepungua. Serikali nayo ilikuwa imepanga kulipia hadi asilimia 80 ya gharama ya masomo, ila haikuwahi kufika hapo.

Pesa ikikosa kutosha, lazima mtu asubiri. Hata wale wa kudumu husubiri: mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulichukua siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Lakini wao angalau wana chama, wana mkataba, na wakigoma nchi nzima inajua. Mwalimu wa muda akigoma, anayejua ni mwanafunzi mwenye vistari. Kwa bajeti, yeye ndiye gharama rahisi kuahirisha. Akiahirishwa yeye, nami naahirishwa naye, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoandika hiyo hasara yangu.

Siku hizi naishi kwa kuandika makala. Naituma kazi, naambiwa "tunashughulikia malipo," miezi inapita. Kuna siku nilijikuta nikikataa kutuma makala ya pili hadi nilipwe ya kwanza. Nikacheka peke yangu. Maneno yalikuwa yangu, lakini sauti ilikuwa ya yule wa steji.

Namba yake bado ninayo. Juzi nikampigia, si kuulizia alama.

"Mwalimu, walikulipa?"

Akanyamaza kidogo. "Ya semesta moja. Na wewe, ulimaliza?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi tuko pamoja," akasema. Kisha akaniuliza majina yangu kamili na namba ya usajili, nikasikia akitafuta kalamu.