Kasri la Pena na Bahari Iliyo Mbele Yake

Msafiri akipanda gari moshi asubuhi katika stesheni ya Rossio, mjini Lisbon, hufika Sintra baada ya dakika 40 hivi, na jioni aweza kurudi mjini kulala. Taabu i katika kupanda kilima. Kasri la Pena limejengwa juu ya jabali, na barabara yake hupinda huku na huku katika msitu wenye ukungu. Mara miti huachana, ukatokea ukuta mwekundu kama udongo wa Buganda, na kando yake mwingine wa manjano kama embe bivu.

Rangi hizo zina maana. Upande mwekundu ni nyumba ya watawa iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 16. Tetemeko la ardhi la mwaka 1755 liliibomoa vibaya, na mwaka 1834 mashirika ya watawa yakavunjwa kwa sheria. Mwaka 1838 Ferdinand, Mjerumani aliyemwoa Malkia Maria wa Pili, aliyanunua magofu hayo kwa fedha zake mwenyewe, akaongeza upande wa manjano. Kazi alimpa Baron von Eschwege, mhandisi wa migodi! Matokeo yake ni matao ya Kiarabu, minara ya ngome za Kizungu na kuta za vigae, vyote pamoja. Juu ya lango moja limechongwa jitu lenye uso wa hasira, nusu mtu nusu samaki. Mpenda utaratibu huenda akatikisa kichwa, lakini watoto hawataki kuondoka hapo.

Kwa miaka mingi rangi zilikuwa zimefifia, zikawa kijivu. Zilipopakwa upya katika miaka ya 1990, wengi walishangaa.

Ndani, akina mama hukawia jikoni, penye masufuria ya shaba. Chumba cha kulia ndicho walimokula watawa wa zamani. Mgeni ajuaye Kiswahili akimsikia kiongozi akiitaja meza kwa Kireno, hahitaji mkalimani: neno hilo lilifika Afrika ya Mashariki pamoja na Wareno. Bendera pia ni lao. Na gereza, ajabu, limetokana na neno lao la kanisa.

Toka nje, kwenye ukumbi wa juu. Siku isiyo na ukungu bahari ya Atlantiki huonekana upande wa magharibi. Wenyeji husimulia kwamba Mfalme Manuel alizoea kupanda kilima hiki kuangalia kama merikebu za Vasco da Gama zinarudi. Merikebu hizo zilifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Malindi zikapewa rubani wa kuzifikisha Bara Hindi. Zilirudi Ureno mwaka 1499. Malipo ya ukarimu wa pwani hiyo hayakukawia: mwaka 1505 askari wa mfalme huyo huyo waliiteka Kilwa, kisha wakaipora Mombasa na kuitia moto. Mgeni atokaye pande hizo haitazami bahari ile kama watalii wengine.

Mwezi wa Februari 1908 Mfalme Carlos na mwanawe mkubwa waliuawa kwa risasi mjini Lisbon. Mjane wake, Malkia Amélia, alikuwa katika kasri hili mapinduzi yalipozuka mwezi wa Oktoba 1910. Alishuka kilimani kumfuata mwanawe, mfalme kijana, ambaye jina lake lilikuwa Manuel wa Pili. Tarehe 5 Oktoba, katika ufuko wa Ericeira, kaskazini ya Sintra, mashua za wavuvi ziliwachukua hadi kwenye merikebu iliyokuwa ikiwangojea, wakaenda uhamishoni. Vyumba vya malkia vingali vimepambwa, na watalii huvipita kwa foleni.